Jina la Kwanza Daftarini

Bujumbura, tarehe 12 Machi 1984

Kwa Yaya Louise, dada yangu mkubwa,

Salamu zikufikie wewe, shemeji Gaspard, watoto wote wanne, na juu ya wote mama yetu Séraphine. Mimi mzima, ila tumbo bado linabishana na maharage ya huku. Juu ya bahasha nimeandika Citoyenne, yaani Raia, Nabindu kama serikali yenu inavyotaka, lakini humu ndani wewe ni Louise, jina ulilobatizwa nalo kule mjini Baraka, na mimi sijui kukuita vingine.

Nimesikia mama anawaambia watu wa Kalemie kwamba mwanawe anatunga sheria za nchi nne. Mwambie apunguze. Mimi ni mtafsiri tu. Hapa kwenye Sekretarieti ya Jumuiya ya Nchi za Ziwa wanakutana watu wa Zaire, Burundi, Tanzania na Zambia. Wataalamu wao wanaandika muswada kwa Kifaransa, wanagombana juu ya nukta na mkato wiki tatu, kisha karatasi inaletwa mezani kwangu niiweke katika Kiswahili, ili mvuvi wa Kigoma na mvuvi wa Kalemie wote wawili waelewe wanachokatazwa.

Sasa sikia. Wiki iliyopita umeletwa muswada juu ya wavuvi. Kifungu cha kumi na nne kinasema hivi: mvuvi yeyote aliyezaliwa katika nchi moja ya Jumuiya na anayekaa pwani ya nchi nyingine atajitangaza kwenye biro ya serikali iliyo karibu naye kabla siku tisini hazijaisha, ataandikwa, atapewa kadi ya ziwa, na hataulizwa tena aliingiaje. Asiyejitangaza atarudishwa alikotoka.

Nilipofika pale pa kutoulizwa tena nilisimamisha mashine. Nilimwona shemeji mbele yangu kabisa, na wavu wake mapajani. Mawaziri watakaa kuujadili mwishoni mwa Aprili. Barua hii usiisome mbele ya watu, Yaya. Miswada hairuhusiwi kutoka nje ya jengo hili, na mimi sijawahi kuvunja kanuni hiyo mpaka leo.

Mdogo wako,
Norbert


Kalemie, 2 Aprili 1984

Norbert mdogo wangu,

Barua yako imefika kwa mkono wa Mama Viviane, yule anayepeleka ndakala, dagaa wetu, huko kwenu, nayo ilinuka ndakala mpaka watoto wakataka kuikaanga. Sisi wote wazima. Mama anakohoa, lakini nguvu za kugombana na kuku wa jirani bado anazo. Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya umma, tumefagia barabara yote ya bandari kwa ajili ya mgeni mkubwa ambaye hakuja.

Kifungu chako nimemsomea Gaspard mara tatu. Mara ya kwanza aliendelea kushona wavu. Mara ya pili aliniomba nirudie pale pa kuulizwa. Mara ya tatu alitoka nje, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Wewe ulikuwa seminari tulipooana, huyajui haya yote. Ni miaka kumi na miwili anaishi na mahali pa kuzaliwa pa kuazima. Kadi yake ya chama inasema Baraka. Mama yetu mwenyewe aliapa mbele ya chifu kwamba ni mtoto wa kaka yake. Kila askari akisimama bandarini na kuomba kadi, mimi natazama miguu ya Gaspard, maana uso anaweza kuutuliza lakini miguu inatetemeka. Kurudi Rumonge, kwao Burundi, hawezi. Waliokuwa wake waliishia katika mauaji ya mwaka ule wa 1972, na wanaokaa leo katika shamba la baba yake hawatafurahi kumwona hai.

Naogopa, Norbert. Naogopa kila siku, mpaka nimeuzoea uoga kama mawe ya jikoni. Kwa hiyo nijibu jambo moja tu na usinipe hotuba: itakuwa sheria lini? Hapa kwetu ni rahisi. Redio inapiga muziki, muziki unakatika, mtu anasoma, na kesho yake asubuhi askari anaijua kuliko wewe. Ndivyo majina ya ubatizo yalivyoondoka, ndivyo tai zilivyotoka shingoni mwa wanaume, yote kwa jioni moja moja. Nyinyi huko mnafanyaje?

Dada yako,
Louise


Bujumbura, 3 Mei 1984

Yaya Louise,

Wewe na wa nyumbani wote nawasalimu haraka, maana meli ya Mama Viviane inapakia. Mwambie mama anywe maji ya moto kwa kikohozi na awaache kuku.

Uliuliza lini. Jana. Jana saa kumi alasiri Baraza la Mawaziri limekubali mkataba wa wavuvi, wote wanne, na kifungu cha kumi na nne hakikuguswa hata neno. Nilikuwa nimekaa nyuma na vifaa vya masikioni nikiwatafsiria wajumbe, na kifungu kile nilikisema polepole kuliko vingine. Mjumbe mmoja aligeuka kunitazama.

Nina furaha, Yaya. Mwambie shemeji kwamba nimeisema sentensi yake mbele ya mawaziri.

Norbert


Bujumbura, 20 Mei 1984

Yaya Louise,

Nawasalimu wote. Samahani, leo sina utani.

Nilikuwa nasikiliza redio ya Kinshasa, nikasikia wakitangaza kwamba mawaziri wa nchi nne wamekubaliana juu ya wavuvi wa ziwa. Baada ya maneno yale mawili wakarudi kwenye muziki. Hapo ndipo nilipokumbuka swali lako na jibu langu. Niliandika "jana" kwa sababu ya furaha, na wewe unatoka katika nchi ambayo neno likisikika jioni linafanya kazi asubuhi. Hapa si hivyo. Ningekueleza tangu mwanzo.

Sikiliza vizuri. Wataalamu wanaandika. Mawaziri wanakubali. Hapo bado ni karatasi. Kisha Wakuu wa Nchi wanakutana mara moja kwa mwaka, na wanne wote lazima watie sahihi. Mmoja akikataa, karatasi inarudi ilikotoka. Wakitia sahihi, bado. Kila mmoja anakwenda kwake, nchi yake inauthibitisha kwa desturi yake, na inaleta hati hapa Sekretarieti. Hati ya nne ikifika, tunahesabu siku thelathini. Siku ya thelathini ndipo inakuwa sheria, na kuanzia hapo ndipo zile siku tisini za kujitangaza zinaanza. Inaweza kuchukua miaka miwili. Kuna mikataba humu kabatini inayongoja hati moja tangu 1979.

Kwa hiyo leo hakuna kadi ya ziwa. Hakuna anayeweza kuitoa, wala hakuna anayelazimika kumwacha mtu bila kumuuliza. Shemeji asijitangaze. Akienda biro leo kusema amezaliwa Rumonge, hatakuwa amefuata sheria yoyote. Atakuwa amekiri tu kwamba kadi yake ni ya uongo.

Barua hii nampa fundi wa meli inayopitia Kigoma, kwa sababu Mama Viviane hayupo. Fanya upesi.

Norbert


Kalemie, 28 Mei 1984

Norbert wangu,

Leo ninakuandikia nikicheka peke yangu. Sisi wazima, mama amepona kikohozi na anadai ni kwa ajili yako, hata maji ya moto yenyewe hakunywa. Anawaambia wote sasa kwamba mwanawe ametunga sheria, na sikumzuia.

Ulinikataza kusoma mbele ya watu, najua. Lakini barua yako ya "jana" ilifika Jumamosi, na Jumapili baada ya misa nilikaa na wanawake wenzangu, wale ambao waume zao hukaza miguu wakiona askari. Nikamtazama Florentine, mke wa Grégoire, na yule bwana naye ni wa Rumonge. Ningemezaje furaha ile peke yangu? Nikaisoma, na ile ya Machi yenye maneno ya kifungu. Wengine hawakuamini. Juma lililofuata redio ikasema yenyewe, na hapo hakuna aliyebaki na shaka.

Jumatatu asubuhi tukaenda biro. Gaspard alitangulia. Alivaa shati lake la ndoa. Karani Félicien hakuwa na karatasi yoyote kutoka Kinshasa, lakini redio alikuwa ameisikia, na alikuwa anaogopa kuchelewa kuliko sisi. Alituma kununua daftari la shule, akachora mistari kwa rula, akaandika juu "Kifungu cha 14" kama nilivyomsomea. Akamwambia Gaspard, "Papa, weye njo wa kwanza. Sema yote, usiogope. Serikali inapenda batu ba kweli."

Na Gaspard alisema yote, Norbert. Jina la baba yake, jina la kilima, mwaka aliovuka. Sikuwahi kumsikia akilitaja lile jina la kilima kwa sauti. Mpaka Jumatano walikuwa wamejiandika watu sitini na mmoja. Usiku wa Jumatatu amelala mpaka asubuhi bila kuamka, mara ya kwanza tangu nimjue.

Mungu akubariki.

Louise


Kalemie, 9 Julai 1984

Norbert,

Barua yako ya tarehe 20 Mei imefika jana. Fundi wako anasema meli ilikaa Kigoma wiki sita ikingoja chuma cha injini. Nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa chini.

Bado sijamwonyesha Gaspard. Nimeificha katika debe la unga. Niambie kuna njia ya kulirudisha nyuma jambo hili.

Louise


Bujumbura, 1 Agosti 1984

Yaya,

Natumaini mama na watoto wazima. Hapa mimi mzima wa mwili. Barua zako mbili, ya Mei na ya Julai, zimenifikia pamoja.

Njia ya kulirudisha nyuma siijui. Nimetafuta katika mikataba yote niliyotafsiri, na hakuna kifungu kinachosema mtu aliyetii sheria kabla haijazaliwa afanyiwe nini. Wataalamu hawakufikiri kwamba kuna watu kama sisi.

Juzi mkurugenzi wa tafsiri aliniita. Ubalozi wa Zaire umemwuliza jambo. Imekuwaje, wanasema, wavuvi sitini wa Kalemie wapange mstari kwa ajili ya kifungu ambacho hakijasainiwa na yeyote, na karani anacho neno kwa neno, kwa Kiswahili, wakati Kiswahili cha kifungu hicho kimetoka katika ofisi hii? Nilijibu kwamba sijui. Ni mara yangu ya kwanza kudanganya kwa Kifaransa, na nilishangaa jinsi ilivyotoka laini. Tuko watafsiri wa Kiswahili wawili tu. Mwenzangu ni mtu wa Kigoma, ana watoto sita, na sasa wanamtazama yeye.

Choma barua zangu zote. Na hii.

Wakuu wa Nchi wanakutana Septemba. Wakitia sahihi wote wanne, bado kuna tumaini, maana serikali itapenda kuonekana imetangulia wengine. Naomba hilo kila asubuhi. Wewe pia omba.

Norbert


Kalemie, 30 Agosti 1984

Norbert,

Salamu. Mama amelala tena, mara hii si kikohozi, ni mawazo. Nilimwambia. Ameuliza kama watamfunga kwa kiapo chake cha kwa chifu, nikamwambia hawawezi kumkumbuka mwanamke mzee. Sijui kama ni kweli.

Kuna jambo sikukuambia katika barua ile ya kucheka. Félicien alizichukua kadi zao za chama. Alisema kadi ya ziwa ikija atabadilishana nao. Niliona wakati ule si vizuri, nikanyamaza kwa sababu Gaspard alikuwa anatabasamu. Sasa mume wangu hana hata ile kadi ya uongo. Askari akimsimamisha hana cha kutoa mfukoni. Tangu Julai wote sitini na mmoja wameamriwa kuripoti biro kila Jumatatu, na pale ndani kuna mtu mgeni aliyekaa pembeni, hana meza, hana kalamu, anasikiliza tu.

Nilimwonyesha Gaspard barua yako kabla ya kuichoma. Alisoma mpaka mwisho. Nikamwambia twende Kirungu, kule milimani hakuna anayetujua, tulime maharage tusahau samaki. Akasema, "Nilisema jina ya baba yangu mbele ya batu, Louise. Sitamukana tena." Nikamwambia kiburi chake kitawaacha watoto wangu bila baba. Tumekaa siku nne bila kusemeshana. Siku ya tano nilimpelekea chakula ufukweni, akanipisha nikae kwenye ngalawa karibu naye, basi.

Florentine ananiuliza kila siku kama nina habari kutoka kwako. Nasema barua haijafika. Ndiyo kazi yangu sasa, kudanganya watu niliowasomea kweli.

Louise


Bujumbura, 25 Septemba 1984

Yaya,

Salamu kwa wote. Fupi leo.

Wakuu wa Nchi wamekutana. Zaire haikutia sahihi. Ujumbe wake ulisimama ukasema: mmetuambia wageni ni wachache, tazameni, katika pwani ya mji mmoja, kwa siku tatu, wamejitokeza sitini na mmoja, na huo ni mwanzo. Wakaweka mezani daftari la shule lenye mistari ya rula. Lilikuwa limeandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo limeletwa kwangu niligeuze Kifaransa na kulipiga chapa, ili kila nchi ipewe majina ya watu wake.

Nilifungua ukurasa wa kwanza. Huhitaji kuambiwa nilichokiona.

Kazi nimemaliza jana. Mwambie shemeji asiende tena kuripoti Jumatatu. Asiende hata wakiwaita wengine wote. Usiniulize kwa nini, na usiniandikie mpaka nikwambie, barua zinafunguliwa.

N.


Kalemie, Jumapili 2 Desemba 1984

Norbert mdogo wangu,

Nimenyamaza miezi miwili kama ulivyoniomba. Leo sitaki kukutii. Nimempa barua hii Mama Viviane, ameishonea ndani ya gunia la ndakala, meli yake inatoka Jumatano na kufika huko Ijumaa. Soma mpaka mwisho kabla ya kufanya kitu chochote, kisha fanya ninachokuambia.

Walikuja juzi Ijumaa asubuhi, saa mitumbwi inapotia nanga na wanawake tuko na mabeseni. Malori mawili. Yule mgeni asiyekuwa na meza alishika karatasi zilizopigwa chapa kwa Kifaransa, safi kabisa, akaanza kuita. "Namba moja, Grégoire." Norbert, pwani yote ilijua namba moja ni nani. Grégoire mwenyewe aligeuka kumtazama Gaspard. Gaspard alikuwa amesimama majini na kamba mkononi, akingoja. Wakaita mpaka namba sitini. Hawakumwita. Wakawapakia na kuwapeleka kwenye jahazi la chuma bandarini, wa Rumonge upande huu, wa Kigoma upande ule. Wengine hawakupewa muda wa kuvaa viatu.

Florentine hakulia. Alikuja mpaka kwenye beseni langu akasema, "Njo weye ulitusomea barua. Bwana yako njo alitangulia. Sasa wangu iko mu meli, wako iko mu nyumba. Unielezee." Wewe hukunieleza. Lakini nilielewa pale pale. Nilielewa umefanya nini, nikakushukuru moyoni, na nikaona aibu ambayo sijapata kuiona. Jioni hakuna aliyenunua samaki wetu. Mtoto wa Florentine alisema mbele ya watoto wangu kwamba baba yao amewauza wenzake.

Gaspard hakula. Nilimwomba, nikapiga magoti, mimi Louise ambaye hunijui kwa magoti. Jana asubuhi akavaa lile shati la ndoa akaenda biro. Nilimfuata nikasimama dirishani. Félicien alipomwona alitoka nje haraka akamsukuma kifuani, "Papa Gaspard, enda nyumbani. Miye sikukuona. Enda." Na yeye akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mulisahau jina yangu. Miye njo namba moja."

Yule mgeni alikuwa ndani. Akaomba daftari, lilikuwa limekwisha kurudi kutoka kwenu. Akaliweka mezani, na karatasi za chapa pembeni, akapitisha kidole huku na huku. Sikumsikia akipandisha sauti. Alimwonyesha Félicien mwisho wa karatasi, pale penye herufi mbili ndogo za mpiga chapa, N.A., akauliza ni za nani. Félicien akasema hajui. Yule mtu akaandika zile herufi katika kijitabu chake.

Gaspard hajarudi. Wanasema yuko chini ya ulinzi hapa hapa mjini, mpaka jahazi la pili. Nimemkasirikia mpaka nimechoka, na kila ninapokasirika nakumbuka ndiyo sababu nilimpenda.

Sasa wewe. Toka Bujumbura. Ukiipata barua hii uko biro, usirudi kuchukua hata koti. Vuka uende Kigoma, mtafute mtu yeyote wa kanisa. Usinijibu. Mama hajui, amedhani naandika orodha ya vitu vya Krismasi, ametuma salamu.

Louise


Bujumbura, Jumatano 5 Desemba 1984

Yaya wangu Louise,

Salamu nyingi kwako na kwa mama na watoto. Tangu ile ya Agosti sijapata neno lako, na ni mimi niliyekukataza, lakini leo nimeshindwa kuvumilia. Nafikiri sasa kumetulia. Hakuna aliyetuuliza kitu mwezi mzima, na mwenzangu wa Kigoma ameanza kucheka tena.

Mkataba umekufa rasmi. Juzi umeondolewa kwenye orodha ya mambo yanayongoja. Hakuna kifungu cha kumi na nne popote duniani, isipokuwa katika sanduku chini ya meza yangu na katika daftari la karani wenu. Miezi yote ile, Yaya, tumeogopa sheria ambayo haikuzaliwa.

Kwa kuwa imekwisha, nikuambie. Nilipokuwa napiga chapa yale majina niliruka mstari wa kwanza. Nikampa Grégoire namba moja, nikaendelea mpaka sitini. Nilihesabu mara kumi. Juu ya ukurasa walikuwa wameandika jumla sitini na mmoja, nikaandika sitini. Nilitaka kuruka wote. Kwa muda mrefu nilikaa na karatasi tupu kwenye mashine nikifikiri hivyo. Lakini orodha tupu wangeiona siku hiyo hiyo, na jina moja nilidhani halitaonekana. Nilichagua la kwetu. Wale sitini nimewaandika kwa vidole vyangu, herufi kwa herufi, na naomba orodha ilale katika makabati ya serikali nne kama mikataba inavyolala. Nikija nitamtazama Florentine vipi, sijui. Najua tu kwamba ningefanya hivyo tena.

Kwa hiyo mwambie shemeji atulie. Asiende popote, asiseme kitu kwa mtu. Anachotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu na kuwa mtu wa Baraka tena, nasi tutatafuta kadi nyingine polepole.

Nimeomba likizo nije kwenu Krismasi. Leo mchana mkurugenzi ametuma mtu kuniambia nifike kwake kesho Alhamisi saa mbili asubuhi, na niende na kitambulisho cha kazi. Nadhani ni mambo ya likizo hiyo.

Meli ya Mama Viviane inafika Ijumaa. Nitakwenda bandarini mwenyewe kumwuliza kama kuna barua yako.

Mdogo wako akupendaye,
Norbert